Treni nyepesi inaleta watu mpaka kituoni tu, kinachojenga mtaa ni njia ya miguu

Swali: Shikamoo mtaalamu. Jiji letu limetangaza treni nyepesi ya umeme, wanasema itapita katikati ya barabara kubwa, maghorofa yataota pembeni, biashara zitachangamka na foleni itapungua. Mi naishi karibu na pale wanapotaka kuweka kituo. Njia za waenda kwa miguu kwetu ni mbovu, sehemu nyingine hazipo kabisa, tunatembea barabarani tunakwepana na magari. Je ni kweli treni inajenga mji? Au hiyo hela ingewekwa tu kwenye njia za miguu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelipenda manake umeshaona mwenyewe kitu ambacho kwenye mikutano mingi ya miradi ya namna hii nimekikuta kimewekwa ukurasa wa mwisho kabisa, au hakipo. Jibu fupi ni kwamba reli inaweza kweli kubadilisha mji, ila haiubadilishi ikiwa peke yake, na ile sehemu unayoilalamikia, ya njia ya miguu, ndo inayoamua mabadiliko yatafika mpaka wapi. Ngoja nieleze kwa kirefu.

Anza na abiria. Kila anayepanda treni alitembea kufika kituoni na akishuka atatembea tena, hata kama ni kwenda kupanda basi ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo treni inamshusha mtu sehemu moja, nukta moja kwenye ramani, kisha kazi yake imeisha. Kuanzia hapo ni miguu. Na binadamu wa kawaida anatembea kama mita 80 kwa dakika, akiwa hajabeba mzigo wala mtoto, na wapangaji miji duniani kote wanachukulia kwamba wengi wanakubali kutembea dakika 10 kufuata reli, yani kama mita 800. Hapo ndipo habari ya maghorofa inapoanzia, manake mwekezaji anayenunua kiwanja kwa sababu ya treni ananunua ndani ya hizo dakika 10, nje ya hapo treni ni habari ya gazetini tu.

Sasa piga hesabu na mimi. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 800 lina eneo la hekta kama 200. Ila watu hawapai kama ndege, wanafuata mitaa, na hata mitaa ikiwa imenyooka vizuri kama ubao wa drafti eneo unaloweza kulifikia kwa mita 800 linashuka hadi hekta 128 hivi. Hiyo ndo hali nzuri. Sasa chukua kituo kilichowekwa katikati ya barabara ya njia nane, abiria anashuka, anapanda ngazi za daraja, anavuka juu kwa juu, anashuka upande wa pili, anazunguka fensi, anasubiri magari yapungue avuke barabara ya pembeni. Dakika tano zimekwenda na bado hajaanza safari yake. Amebakiwa na dakika tano, yani mita 400, na hapa watu wengi wanakosea wakidhani amepoteza nusu, hapana, eneo linapungua kwa robo tatu, kutoka hekta 128 unabaki na 32. Tuseme kuna watu 100 kwa kila hekta, bas kituo kile kile, treni ile ile, gharama ile ile, badala ya kuhudumia watu 12,800 kinahudumia 3,200. Hayo ni mahesabu ya darasani tu lakini ukienda site unayaona kwa macho.

Mi niliyaona siku moja nilipoitwa kukagua kituo kwenye jiji ambalo sitalitaja. Nyuma ya kituo kulikuwa na jengo la ghorofa sita, jipya, liko hapo hapo, ukiwa jukwaani unaona nguo zilizoanikwa kwenye balkoni. Nikamuuliza mlinzi nitafikaje pale akanyoosha mkono kwenda kushoto, mbali. Nikawasha saa kwenye simu. Kulikuwa na ukuta wa kiwanda, halafu mtaro wa maji ya mvua usio na kivuko, halafu njia ya miguu yenye nguzo ya umeme katikati yake kabisa kiasi kwamba lazima ushuke barabarani kuipita. Mbele yangu alikuwa mzee na mkongojo, kwenye ile nguzo akasimama, akaangalia nyuma mara mbili, akashuka ukingo kwa kutanguliza mkongojo kwanza, gari ikapiga honi, akarudi. Akasubiri. Mara ya tatu ndo akapita. Mi nilitumia dakika 14 kufika kwenye lile jengo, yeye sijui alitumia ngapi. Wapangaji wa lile jengo wengi walikuwa na magari, na fremu za chini zilikuwa tupu, na wenye mradi walikuwa wanasema treni haikuvutia maendeleo kama ilivotarajiwa. Ilivutia, ila palikosekana geti kwenye ukuta na kivuko cha mita nne juu ya mtaro.

Haya, twende kwenye miji yenyewe manake mifano ipo ya kutosha.

Portland, Marekani, wengi wanaitaja kama mfano. Mwaka 1974 walifuta mpango wa barabara kuu ya magari iliyokuwa ikate mitaa ya watu, hela ikaelekezwa kwingine ikiwemo usafiri wa umma, na 1986 treni nyepesi ya kwanza ikaanza. Ila kitu ambacho hakitajwi sana ni kwamba katikati ya Portland vitalu vya majengo ni vidogo mno, kila upande mita kama 61 tu, kwa hiyo kila baada ya hatua chache kuna kona na uchaguzi wa kupita huku au kule. Reli iliwekwa juu ya mji ambao tayari unatembeka. Baadaye, 2001, wakaongeza tramu, yani treni nyepesi inayopita juu ya barabara za mtaani, kwenye mtaa wa Pearl uliokuwa na maghala na yadi za reli za zamani, na hapo walifanya jambo la maana sana: jiji liliwekeana mkataba na mwenye ardhi kwamba sisi tukiondoa daraja la magari, tukileta tramu, tukijenga bustani, wewe kila hatua utalazimika kujenga nyumba nyingi zaidi kwa kila eka. Kila mmoja alijua akitimiza lake mwenzake anatakiwa kufanya nini. Leo pale ni mtaa wa watu.

Linganisha na San Jose, California. Nao wana treni nyepesi tangu 1987, mtandao mrefu tu, lakini kwa muda mrefu imekuwa kati ya zile zenye abiria wachache ukilinganisha na urefu wake. Sehemu kubwa ya upande wa kaskazini inapita kwenye maofisi yaliyojengwa nyuma ya uwanja wa kuegesha magari, jengo liko kule, treni iko huku, katikati ni bahari ya lami na jua. Ukishuka treni unatembea ndani ya paking ya watu. Nani atafanya hivyo kila siku na gari analo?

Wafaransa nadhani ndo wameelewa jambo hili kuliko wengi. Nantes walirudisha tramu 1985, Grenoble 1987, na Strasbourg ikaja 1994 baada ya mabishano makali, manake uongozi uliotangulia ulitaka treni ya chini ya ardhi, Catherine Trautmann akagombea umeya akisimamia tramu ya kupita barabarani, akashinda 1989. Sababu ya mabishano ilikuwa wazi. Treni ya chini ya ardhi inaacha barabara ya juu ilivyo, magari yanaendelea, ila tramu inabidi inyang'anye nafasi. Na walipoinyang'anya hawakuishia kwenye reli, mji mwingi wa Ufaransa ukijenga tramu unafumua barabara nzima kutoka ukuta wa nyumba hii mpaka ukuta wa nyumba ile, njia ya miguu mpya, miti, taa, vivuko, hata majani kati ya reli. Katikati ya Strasbourg uwanja wa Kléber uliokuwa umejaa magari ukawa wa watu. Kwa hiyo ukisikia tramu ilihuisha mji wa Kifaransa ujue ni tramu pamoja na mtaa mzima uliofumuliwa, na ukichukua treni ukaacha hiyo nusu ya pili usitegemee matokeo yao.

Na Grenoble kuna kingine. Watu wenye ulemavu walisimama kidete na tramu ikatengenezwa yenye sakafu ya chini, jukwaa na mlango vinalingana, mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kuomba kubebwa. Ukiwa na treni ya hivyo, njia ya miguu yenyewe iliyoinuliwa kidogo inaweza kuwa ndo kituo. Huhitaji ngazi wala lifti wala jengo kubwa. Mimi kila nikiona kituo cha ngazi 40 najiuliza hivi yule mzee wa mkongojo angefika?

Karibu zaidi na kwetu kuna Addis Ababa. Ilifungua treni nyepesi yake Septemba 2015, njia mbili, kama kilomita 34, na kwa nchi ilikuwa ni hatua kubwa, ilijengwa haraka na watu waliijaza. Ila sehemu nyingi reli imepita katikati ya barabara pana ikiwa na uzio au imeinuliwa juu ya nguzo, na penye uzio mtu wa upande huu kwenda upande wa pili imekuwa safari. Halafu likaja la vipuri, mabehewa yalikuwa seti 41 na baada ya miaka kadhaa nyingi zilikuwa zimesimama hazitembei. Hili nalitaja kwa uzito manake mwekezaji wa ghorofa anaangalia mambo mawili, je treni itakuwepo miaka 30 ijayo, na je inapita kila baada ya dakika ngapi. Treni inayosubiriwa nusu saa haiongezi thamani ya kiwanja cha mtu hata kama reli inang'aa.

Kuna wanaosema reli inavutia kuliko basi kwa sababu haihamishiki, wamiliki wa ardhi wanaiamini. Kuna ukweli hapo ndani. Lakini Curitiba kule Brazil walitumia mabasi yenye njia zake kuanzia 1974 na maghorofa yakapanda pembeni kwa mstari mrefu kabisa, kwa sababu sheria ya matumizi ya ardhi iliruhusu ujenzi mrefu kando ya zile njia na ikazuia kwingine. Kwa hiyo chuma na tairi siyo mjadala mkubwa kama watu wanavyodhani. Reli ina faida yake pale abiria ni wengi mno, tramu moja ndefu inabeba watu 200 hadi 300 na dereva mmoja, wakati njia moja ya magari kwenye mtaa wenye taa za kuongozea magari inapitisha magari 600 hadi 800 tu kwa saa na mengi yana mtu mmoja ndani. Ila bila sheria ya ardhi kubadilika, pembeni ya kituo patabaki yadi ya magari na ukuta.

Na kwenye hiyo sheria kuna kifungu nakuomba ukitafute, cha maegesho. Miji mingi inamlazimisha anayejenga ghorofa aweke nafasi fulani za magari kwa kila nyumba. Nafasi moja pamoja na sehemu ya kugeuzia inakula mita za mraba 25 mpaka 30. Jengo la nyumba 40 likidaiwa nafasi 60 ni kama mita za mraba 1,800 za lami, pengine kubwa kuliko kiwanja chenyewe, na ziko mita 200 kutoka kituo cha treni! Buffalo, Marekani, na Mexico City wote 2017 waliachana na hicho kima cha chini. Jiji linalotumia mabilioni kuleta treni huku linawalazimisha watu wajenge paking linajivuta lenyewe shati.

Njia ya miguu yenyewe sasa, manake ndo ulichouliza. Wengi wakisikia "njia ya miguu" wanafikiria vitofali vya pevingi tu. Vitofali ni sehemu ndogo. Unataka upana ulio wazi wa mita mbili angalau, wazi kweli, usihesabu penye nguzo na kibao na mti, viti viwili vya magurudumu vipishane bila mtu kushuka barabarani, na karibu na kituo uwe zaidi ya hapo kwa sababu treni ikifika watu wanamwagika 200 kwa mpigo. Nguzo, miti, taa na wafanyabiashara wadogo wapewe ukanda wao upande wa barabara, wasifukuzwe, wapangwe, wao ndo wanaofanya njia iwe salama usiku. Penye kona pawe na mteremko laini, kwa kila sentimita moja ya kupanda uwe na sentimita 12 za urefu. Gari inayoingia kwenye geti la mtu ndiyo ipande ikute njia ya miguu, siyo njia ya miguu ikatike kila geti. Kivuli. Na vivuko viwe chini, usawa wa barabara, vyenye taa, siyo madaraja. Daraja la juu linajengwa ili gari isisimame na anayelipa ni mwenye miguu. Mwendo wa magari karibu na kituo usizidi kilomita 30 kwa saa, gari ikimgonga mtu kwa mwendo huo wengi wanapona, kwa 50 au 60 mambo yanakuwa mengine kabisa.

Halafu milango. Hili halimo kwenye michoro ya wahandisi. Mtu akitembea mita 100 pembeni ya ukuta mtupu anachoka kuliko mita 300 zenye maduka, vinyozi, madirisha na watu. Ghorofa jipya likijengwa na ukuta na geti moja tu, njia nzuri mbele yake itabaki tupu na baada ya saa moja usiku wanawake hawataipita. Kwa hiyo majengo ya karibu na kituo yadaiwe milango inayofungukia barabarani.

Sasa nikuambie na yasiyofurahisha. Ujenzi wa reli mjini ni mateso kwa walio pembeni. Edinburgh, Scotland, walifungua tramu yao 2014, miaka mitatu nyuma ya ahadi, kwa pauni milioni 776, zaidi ya mara mbili ya bajeti ya awali iliyokuwa milioni 375, kwa njia ya kilomita 14, na sehemu kubwa ya balaa ilikuwa chini ya ardhi, kuhamisha mabomba na nyaya ambazo hakuna aliyejua ziko wapi hasa. Maduka yalikaa miaka mbele ya mashimo. Ulizeni mapema nani atawafidia wenye biashara.

La pili ni ardhi. Hili si jipya, mwanzoni mwa karne ya 20 kule Los Angeles Henry Huntington alikuwa anajenga tramu kwenda kwenye mashamba aliyokwisha kuyanunua, faida iko kwenye viwanja. Hong Kong shirika la reli linapata haki ya kujenga juu ya vituo na hela inarudi kugharamia reli. Jiji lenu lisipoweka utaratibu, ile thamani iliyoletwa na kodi za watu wote itaenda kwa wachache waliopata taarifa mapema. Kama umepanga hapo kodi itapanda, na kama mtaa ukitengenezwa vizuri itapanda zaidi, siwezi kukuficha. Dawa ni jiji kushika viwanja kadhaa karibu na kituo kabla bei haijaruka na kuvitenga kwa nyumba za kipato cha kawaida. Na kama nyumba ni ya kwenu, dalali akija mwaka huu na begi la hela tulieni kwanza, ulizeni njia inapita wapi na kituo kitakuwa wapi.

Hela iende wapi basi? Kama abiria wa barabara hiyo ni wengi kiasi kwamba mabasi yanafuatana na bado watu wanaachwa, mi ningejenga treni. Lakini njia za miguu ningezianza mwaka huu huu, kabla ya reli, kwa sababu kilomita moja ya njia nzuri ya miguu ni hela ndogo sana ukiweka na kilomita moja ya reli, haisubiri mkopo wala mabehewa, na inawafaa wanaopanda basi leo. Pontevedra, mji mdogo Hispania, tangu 1999 ulipanua njia za miguu na kuondoa magari mengi katikati bila treni yoyote ya mjini, na wakachapisha ramani kama ya vituo vya treni ila inaonyesha dakika za kutembea kati ya sehemu na sehemu. Katikati ya mji pakachangamka. Kwa hiyo njia za miguu bila treni inawezekana. Treni bila njia za miguu ndo sijawahi kuiona ikifanikiwa.

Wakiita mkutano wa wananchi, nenda na vitu viwili. Kwanza omba mchoro wa kituo chenu, uangalie mstari unaoonyesha mpaka wa mradi. Kama mpaka unaishia kwenye ukingo wa reli au mita tano pembeni, simama uulize nani anajenga njia ya miguu kutoka hapo hadi mtaani, kwa bajeti ipi, na itakamilika kabla au baada ya treni kuanza, na usikae mpaka jibu liandikwe kwenye muhtasari. Pili, kabla ya siku hiyo, jioni moja simama pale kituo kitakapokuwa, washa saa kwenye simu, tembea dakika 10 kuelekea kila upande, na kila unapokwama, mtaro, nguzo, ukuta, barabara isiyovukika, piga picha uandike dakika. Ukipata nafasi nenda na mtu mzima asiyetembea haraka, au mama mwenye mtoto mgongoni. Ukiweka alama hizo kwenye ramani na kuziunganisha kwa mstari utaona umbo la eneo ambalo treni italigusa kweli. Nitumie hiyo ramani, nitakuonyesha ni sehemu zipi mbili tatu zikifunguliwa eneo linapanuka zaidi, mara nyingi ni kivuko kimoja na geti moja.